Buti za Deo na Barieri ya Kabingo

Gaspard na Hassani, mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, na kila mara nimewajibu "tutaongea", kisha sikuongea. Kitu nilichokiona kilinifunga mdomo, na mimi mnanijua, mdomo wangu haufungwi ovyo. Basi nimekaa na biki siku nne naandika. Shule nilisoma miaka miwili tu. Herufi nyingine nilijifunza kwenye mifuko niliyobeba mgongoni pale mpakani Rusizi ya Kwanza, mfuko baada ya mfuko, mpaka nikapata duka na shamba la mpunga. Atakayecheka mwandiko wangu aje acheke mbele yangu.

Mnakumbuka Jumapili ile kwenye kabare. Hassani ulikuwa umetoka kiwandani, vumbi la saruji lingali kwenye nyusi, unakunywa fanta yako. Tukabishana juu ya wale vijana wa kujitolea wa ng'ambo, raia wenye bunduki wanaozunguka kando ya mto kulinda mpaka. Wewe ulisema raia ni raia, na bunduki ina mwenyewe, askari. Mimi nikapiga meza. Nikasema kijana anayelinda kwao bila mshahara ndiye mwanaume, na kwamba hata sisi huku tungewapa wetu bunduki wapange mstari ukingoni. Gaspard ukacheka, ukaniagizia bia nyingine. Nilisema mbele ya watu, kwa hiyo na haya nayasema mbele ya watu.

Bugarama, mahali ninapouona moshi wake

Dada yangu Veneranda aliolewa ng'ambo mimi nikiwa bado nabeba mifuko. Nyumba yake iko Kabingo, kule uwandani, na nikisimama kwenye tuta la mwisho la mpunga wangu nauona moshi wa jiko lake upande wa pili wa mto. Daraja la chini likiwa wazi ni mwendo wa asubuhi moja. Nakunywa chai kwangu, nakula kwake.

Jirani yake ndiye aliyenipigia simu. Aliniambia sasa kila njia ya kuingia Kabingo ina barieri, kizuizi cha wale vijana, na mtu mwenye ndugu upande wetu anaulizwa maswali. "Papa, kuya umuchukue dada yako. Goti yake imevimba. Siku ya kukimbia ikifika, hataweza kukimbia."

Neno hilo la kukimbia ndilo lililoniinua. Mke wangu akafagia chumba cha nyuma na kutandika kitanda. Kazi yangu ilikuwa moja tu: Veneranda aje alale kwenye kitanda kile.

Nikaona nisiende mikono mitupu. Deo, mwanawe wa pekee, nilimsomesha mimi kwa sababu baba yake alikufa mapema. Alisoma mpaka akapata diplome, kazi hakupata, akarudi kwenye mpunga wa mama yake. Nikamnunulia buti za mpira, nyeusi, zinazofika chini ya goti, namba arobaini na tatu, zile tunazovaa sote matopeni ili ruba wasitunyonye. Nikazifunga pamoja kwa kamba na kuzitia kwenye mfuko.

Saa moja asubuhi nikafika darajani. Limefungwa. Askari mmoja mwenye adabu akasema, "Mzee, leo hapana."

"Kesho je?"

"Kesho hatujui."

"Nyumba ya dada yangu ni ile pale. Nikiinua mkono ninaifunika."

Akageuka akaangalia nilikoonyesha, akaangalia kwa muda. "Na mimi naiona, Mzee. Pitia Bukavu."

Rusizi ya Kwanza

Kwa hiyo nikarudi nyuma mpaka Kamembe, nikapanda milima yote niliyokuwa nimeshuka, ili nivuke kwenye daraja la juu, nishuke tena uwanda uleule kutoka upande mwingine. Safari ya asubuhi moja ikawa ya siku mbili.

Pale Rusizi ya Kwanza foleni ya wamama wenye mabeseni ilikuwa imefika kwenye kona. Nilisimama kwa muda wa saa tatu. Mama mmoja aliyekuwa amebeba nyanya kichwani akaniuliza mfuko wangu una nini mbona nimeukumbatia kama mtoto. Nikamwambia buti za mjukuu wa baba yangu. Akasema, "Papa, huko unaenda, usizitoe inje. Bale batoto wakiona buti mpya banauliza maswali."

Nikamwambia buti ni za mpunga.

"Weye unajua ni za mupunga," akasema. "Buti haisemi."

Sikumsikiliza. Nilimwona ni mtu wa kuogopaogopa. Ng'ambo, Bukavu, nikala sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga na ndizi ya kuchoma, nikalamba vidole, nikatafuta gari la kushuka uwandani. Magari madogo hayakuwa yakienda. Nikapata Fuso lililobeba chumvi na sabuni, nikakaa juu ya magunia pamoja na watu wengine sita.

Juu ya chumvi, kushuka Ngomo

Mnajua barabara ya Ngomo kwa kusikia. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hakuna kitu. Mvua ilikuwa imeshusha udongo mbele yetu, tukalala Nyangezi, na asubuhi tukakaa tena mpaka jua likapanda, tukingoja wanaume wenye majembe wafungue njia. Hapo ndipo nilipozungumza na Maman Nsimire, mchuuzi wa sabuni, mwanamke mnene mwenye kicheko kizito. Aligawa mihogo yake ya kuchemsha kwa watu wote bila kuuliza jina la mtu.

Nikamuuliza habari ya vijana wa kujitolea. Nilitaka asifu, kusema kweli, ili nikirudi nimwambie Hassani.

"Mwaka ule mwingine waliniletea mbuzi zangu tatu zilizoibwa," akasema. "Walifuata wezi mpaka mtoni, wakarudi nazo, hawakuomba hata maji. Nililia, Papa. Niliwapikia."

"Unaona," nikasema.

"Mwaka huu wamekula mbili."

Watu juu ya gari wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote. Mwanaume mmoja mwenye kofia ya kanisa akasema afadhali mbuzi ziliwe kuliko watu kuachwa kwa adui, kwa sababu askari walipokimbia vijana hao ndio walibaki, na wengine walizikwa. Maman Nsimire akamjibu kwamba hilo analijua, alikwenda kwenye matanga yao. "Lakini Papa, ile mbuzi ya tatu usiku ninailaza ndani. Zamani nilikuwa ninaificha juu ya kuogopa wezi. Sasa niambie, ninaificha juu ya kuogopa nani?"

Yule mwenye kofia akatazama majembe. Mimi pia.

Barieri

Fuso liliniacha kwenye njia panda, kutoka hapo Kabingo ni mwendo wa saa moja kwa miguu kati ya mashamba ya mpunga. Mpunga wao ulikuwa umeiva kuliko wangu na haujavunwa. Hilo nililiona kwanza, nikakasirika kama mkulima. Mpunga ukikaa hivyo ndege wanakula wote.

Barieri yenyewe ilikuwa mipira ya ndani ya baiskeli imeunganishwa, imefungwa kwenye miti miwili. Vijana watano, mmoja amevaa jezi ya mpira, mwingine kandambili. Bunduki tatu. Kila mmoja amefunga kitambaa na majani mkononi.

"Mzee, simama pale pale. Unatoka wapi?"

"Kamembe."

Wakatazamana. "Fungula mufuko."

Nikafungua. Mwenye jezi akatoa buti, akaziinua kwa ile kamba juu, zikawa zinazunguka mbele ya macho yetu. Halafu akauliza polepole, "Huko Kamembe banakupatia buti za askari uzilete kwa nani?"

"Ni za mpunga."

"Bale banatuvamia usiku, miguuni banavaa nini? Hii hii."

"Na baba yako anavaa nini matopeni? Hii hii," nikasema. "Ni za mtoto wa dada yangu. Deo wa Veneranda. Niitieni."

Wakaanza kucheka, si vibaya, kama watu waliopata jambo la kusimulia. Mwenye kandambili akageukia kibanda cha majani akaita, "Sekreteri, iko na mugeni wako."

Akatoka Deo. Bunduki mgongoni, kaye, daftari la shule, chini ya kwapa. Ndugu zangu, mimi nilimbatizisha mtoto yule. Nilisimama na miaka yangu sitini na minane nikitazama ile bunduki. Jirani kwenye simu hakuniambia, na mama yake hakuniambia. Nilikuwa nimewasifu vijana hawa kwenye kabare, na kila niliyemsifu alikuwa mtoto wa mtu mwingine.

Nikanyoosha mkono. Deo akarudi nyuma hatua mbili.

"Shikamoo, mujomba," akasema, mikono yake nyuma.

Mkono wangu ukabaki unaning'inia. Mtoto niliyemlipia shule kwa mgongo huu ananinyima mkono mbele ya watu. Damu ikanipanda. Nikamrukia nikamkamata mkono, nikaukaza, nikamwambia, "Mimi ndiye unanikimbia?"

Wale vijana walipiga ukelele kama nimemmwagia mafuta ya moto. Mwenye jezi akashika kichwa. "Mzee, umemuharibu. Umemuharibu kabisa."

Hapo ndipo nilipoelezwa. Vijana hao wanaoshwa kwa dawa ili risasi isiwapate. Aliyeoshwa hagusani na asiyeoshwa, hasalimii kwa mkono, hata mama yake asimguse. Akiguswa dawa imetoka, haruhusiwi kushika bunduki mpaka aoshwe tena, na mwoshaji anakuja kila siku ya tatu. Deo hakuwa ananidharau. Alikuwa amenikinga na kosa, na mimi nikaling'ang'ania kosa hilo kwa mkono wangu mwenyewe.

Wakamvua bunduki palepale. Alionekana mdogo bila ile bunduki.

Kaye ilikuwa imeanguka chini, imefunguka. Mimi nasoma polepole, lakini jina la dada yangu nalisoma hata likiwa kichwa chini, nimeliandika kwenye mifuko mara nyingi nikimtumia unga. VENERANDA. Lilikuwa la kwanza kwenye ukurasa, na pembeni yake msalaba mdogo wa biki nyekundu. Na mwandiko ule naujua. Nilikuwa naletewa daftari zake za shule niutazame.

Kwa Veneranda

Dada yangu alitupikia bugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, yenye dagaa wa ndagala. Alifurahi kupita kiasi, si kwa kuniona mimi tu. Deo alikuwa amekaa karibu naye kwenye jamvi na mama yake alikuwa anamgusa bega, anampangusa jasho, anamshika sikio. Miezi minne hakuwa amemgusa. Alikuwa akimwekea chakula juu ya jiwe, Deo anakuja kukichukua mama akishaondoka.

Nikauliza, "Deo, ile kaye ni ya nini?"

"Ni ya kazi, mujomba."

"Kazi gani?"

Akapangusa vidole. Kisha akasema ni majina ya wenye ndugu upande wetu wa mto. Ili wajulikane.

Veneranda akauliza, "Na mimi niko ndani?"

Nikamjibu mimi: "Wewe ndiye wa kwanza."

Dada yangu akaendelea kumega bugali, akalitengeneza tonge, akalichovya, akalishika bila kulipeleka mdomoni.

"Mama, nilikuandika mimi ili mwingine asikuandike," Deo akasema haraka. "Wangesema sekreteri anaficha wa kwao. Komandan wetu aliniangalia. Kama ningeacha jina lako, wangekuja hapa kuuliza kwa nini limeachwa."

"Na msalaba mwekundu?" nikauliza.

"Ule si mimi. Ule komandan alitia."

"Maana yake?"

"Hajasema bado."

Komandan mwenyewe alikuja jioni kabla jua halijazama. Zamani alikuwa fundi wa baiskeli, mtu wa makamo, mwenye sauti ya chini. Alikataa kiti kwa sababu ya dawa, akasimama mbali nasi kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, lakini alianza kwa kuniomba msamaha juu ya buti.

"Mzee, mimi sikuomba kazi hii," akasema. "Askari walipanda magari, wakatuacha. Nani angelinda? Wewe ungefanya nini?"

"Ningelinda," nikasema, maana ndivyo ilivyo.

"Basi tuko pamoja."

"Hatuko pamoja. Askari akinikosea najua mlango wa kugonga. Wewe ukinikosea nigonge wapi?"

"Gonga kwangu."

"Nagonga. Ule msalaba karibu na jina la dada yangu ni wa nini?"

Nadhani hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Akasema, "Ni wale watakaoondoka kwanza, kama itaamuliwa watu waondoke."

"Nani ataamua?"

"Sisi."

"Na nani atakuja kumwambia aondoke?"

Komandan akamtazama Deo, akaangalia chini, akasema usiku mwema ingawa jua lilikuwa bado. Deo alikuwa anavuta uzi kwenye jamvi. Mama yake alisogea karibu. Alimwekea mkono kichwani, akauacha pale.

Nikampa Deo masharti. Nikasema buti hizi nilizileta kwa mkulima. Ukiniambia utazivaa kwa doria, narudi nazo. Akasema, "Mujomba, siku ya tatu nitaoshwa, nitarudi doria. Siwezi kusema uongo." Nikazitia tena kwenye mfuko. Nilimheshimu kwa hilo na nilitaka kumchapa.

Darajani

Siku ya tatu habari ikaja kwamba daraja la chini limefunguliwa kwa sababu ya soko. Nikamwambia Veneranda funga vitu. Hakubisha. Akafunga kitenge kimoja, sufuria moja, na picha ya harusi yake. Nikashukuru Mungu, nikawa naona kile kitanda mbele yangu.

Deo alikuwa ameoshwa alfajiri ile. Alikuja kutusindikiza, bunduki imerudi mgongoni, anatembea pembeni ya njia, mbali nasi. Mama yake anachechemea upande huu, yeye upande ule, katikati matope. Akijikwaa, Deo ananyoosha mikono, halafu anairudisha. Mara tatu nilimwona anafanya hivyo. Mimi ndiye niliyemshika dada yangu.

Tulipofika karibu na daraja Veneranda akaniomba nimshikie kifurushi. Akasema anataka kumuaga mwanawe. Nikasema muage kwa mdomo, mnajua ilivyo.

Akavuka yale matope na lile goti lake. Deo akarudi nyuma, akarudi tena, nyuma yake palikuwa na mtaro. Mama yake akamshika mikono yote miwili. Akampapasa uso, macho, shingo, kama mama anavyofanya kwa kichanga anapomwosha. Hakufanya haraka.

"Mama," Deo akasema, "umeniharibu."

"Ndiyo," akasema Veneranda. "Na ukioshwa tena nitakuharibu tena."

Kisha akarudi kwangu akachukua kifurushi chake, na mimi nikafikiri tunavuka.

"Kaka, nenda," akaniambia. "Mwambie wifi asante ya kitanda."

"Jina lako liko kwenye ile kaye, Veneranda. Lina msalaba."

"Najua. Lakini nikienda, nani atamgusa huyu?"

Nilibishana naye. Mnajua sauti yangu, watu wa soko walisimama kutazama. Nikamwambia atachoka, nikamwambia watamkataza, nikamwambia baba angelia. Alisikiliza yote, kisha akaanza kuchechemea kurudi Kabingo, na Deo, kwa kuwa sasa hakuwa na dawa ya kulinda, akamshika mkono amsaidie.

Nikawaita. Nikatoa buti kwenye mfuko nikaziweka miguuni pa Deo. Nikamwambia, "Leo wewe ni mkulima. Vaa. Mpunga wa mama yako unaliwa na ndege." Akavua kandambili, akavaa palepale. Zilimkaa sawasawa. Bunduki aliyokuwa nayo mgongoni akaishika kwa kamba, mbali na mwili, kama kitu cha kurudisha kwa mwenyewe.

Nikavuka peke yangu. Daraja lenyewe ni mwendo wa dakika kumi.

Hassani, uliniuliza kama bado nasema vijana wetu wapewe bunduki wapange mstari ukingoni. Nimeandika kurasa zote hizi ili nisikujibu kwa neno moja, kwa sababu na komandan aliniuliza ningefanya nini, nikamwambia ningelinda, na sikusema uongo. Lakini meza ile siipigi tena.

Kitanda bado kimetandikwa. Kila asubuhi nakwenda mpaka tuta la mwisho. Moshi nauona, kwa hiyo najua dada yangu yupo. Halafu natafuta mtu wa buti nyeusi kwenye mpunga wake, na kwa umbali ule, kwa macho haya, nikimwona ameinama nakuja nyumbani nakunywa chai. Siku nisipomwona, nakaa pale mpaka mke wangu aje kuniita. Jana nilimwona. Leo bado.